Mlango wa Chumba cha Giza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hunijia puani kabla ya kunijia kichwani. Ni harufu ya siki. Mpaka leo mke wangu akitengeneza kachumbari mimi hutoka nikakaa nje, naye amekwisha zoea, haniulizi. Siku ile sijapata kumsimulia mtu kwa mpango wake, mwanzo hadi mwisho. Lakini juzi ulinijia na furaha yako, ukaniambia umepata kamera ya zamani na mikanda ya filamu, na kwamba wanafunzi wako wa Mahege unataka wajifunze kusafisha picha kwa mikono yao kama tulivyokuwa tukisafisha sisi. Ukaniomba mabeseni yangu. Nikanyamaza, ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Mabeseni nitakupa, ila soma kwanza haya, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana kusoma nimejifunza ukubwani, na kuandika ndiyo kabisa.

Nilikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, nina studio yangu Kibiti, kando ya barabara ya kwenda kusini. Studio ni jina tu. Ilikuwa chumba kimoja cha udongo na pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji, nililochorewa na fundi rangi ambaye naye maporomoko hakuwahi kuyaona, ndiyo maana yale maji yalikuwa kama yanapanda. Watu waliyapenda hivyo hivyo. Kwa nyuma nilikata kichumba kidogo, nikaziba kila tundu kwa udongo na magunia. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha giza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa tena. Sisi tuliokuwa tumefulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, tukaiona sabuni ya kila rangi, na vitenge, na betri, na filamu. Zamani filamu uliipata kwa kujuana. Sasa unakwenda Kariakoo unaombwa uchague. Kila mtu akataka picha. Walikuja watu wa Nyamwage, walikuja wavuvi na wakata mikoko wa huko delta, mto unakoingia baharini, wamevaa mashati mapya bado yana mikunjo ya dukani. Nami kichwa kikavimba. Nasema wazi, kilivimba.

Kazi hii nilifundishwa na marehemu Mzee Abdi, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa mji mmoja wa zamani wa mtoni. Alinifundisha kwa mikono na kwa pua, kwa sababu shule niliishia darasa la pili na herufi zilikuwa zimenitoka zote. Hilo nililificha. Wateja waliniita Fundi Seifu, na fundi hatarajiwi kuwa hajui kusoma.

Sasa sikiliza kazi yenyewe ilivyo, ili uelewe lililotokea. Filamu inapitishwa kwenye maji matatu. Maji ya kwanza yana dawa inayoitoa picha. Ya pili yana siki, ya kuizuia ile dawa ya kwanza isiendelee. Ya tatu yanaigandisha picha, mwanga usiweze kuiharibu tena. Kabla filamu haijafika kwenye maji ya tatu, mwanga ukiigusa inakuwa nyeusi yote, kazi imekwisha. Wenye uwezo walikuwa na kopo la mfuniko: unaiingiza filamu gizani, unafunika, halafu mengine yote unafanya uani kwenye jua. Mimi nilifanya kwa mabeseni matatu, gizani tii, nimeshika filamu ncha mbili, naipandisha na kuishusha kama mtu anayesuuza kitambaa kirefu.

Na ile siki, mwanangu, usidhani ni hii ya mezani. Ni siki kali yenyewe, haijakutana na maji, tone lake linachubua ngozi. Niliiweka kwenye chupa ya soda. Dawa zote tatu zilikuwa kwenye chupa za soda, kizibo ni kipande cha gunzi la mahindi kilichokazwa. Kwa kuwa sikuweza kuandika, nilifunga uzi shingoni mwa kila chupa: fundo moja dawa ya kwanza, mafundo mawili siki, matatu ya kugandishia. Nikiwa na shaka, nang'oa gunzi nanusa. Miaka yote sikukosea hata mara moja. Hilo ndilo lililonidanganya.

Basi akaja Mwalimu Agnesi. Alikuwa mwenyeji wa Songea, amepangiwa kwenye shule moja pale Kibiti, mwanamke mwembamba, mpole, asiyependa kupandisha sauti.

"Fundi," akaniambia, "watoto wangu wanadhani picha inakaa ndani ya kamera kama mtu ndani ya nyumba. Nataka waione inavyotoka."

"Walete, Mwalimu. Watatoka hapa mafundi."

Akaja na watoto sita wa darasa la sita. Siku ya kwanza akatazama mabeseni, akatazama chupa, akasema, "Nilikuwa naona waanze na maji matupu. Hapa uani, mchana, na filamu iliyoharibika. Mikono ikishazoea ndipo tuingie ndani."

Nikamcheka. "Mwalimu, kwani wanakuja kucheza mchezo wa baba na mama?"

"Na hizi chupa hazina majina. Nipe karatasi nikuandikie."

"Sasa Mwalimu, gizani karatasi anaisoma nani?"

Watoto wakaangua kicheko. Yeye naye akacheka kidogo, akaikunja karatasi yake akairudisha mfukoni. Nikajiona nimeshinda. Kumbe nilikuwa naogopa, maana akiandika, kesho ataniambia, Fundi, nipe hiyo iliyoandikwa hivi, nami nitasimama pale kama gogo mbele ya watoto. Kwa hiyo nikawafundisha watoto mafundo yangu. Nikawafundisha na pua yangu. "Mkitaka uhakika," nikawaambia, "nuseni." Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu, Mwalimu akiwa uani anawahesabu wengine.

Kati ya wale sita alikuwapo mtoto wa kike akiitwa Mwanaidi. Kwao ni Kiongoroni, kule karibu na bahari, alikuwa anakaa kwa shangazi yake Kibiti ili asome. Babu zake na wajomba zake ni watu wa kukata boriti za mikoko na kufunga mizigo, na yeye vidole vyake vilikuwa vinayajua mafundo kabla hajaanza shule. Niliwafunga vitambaa machoni wazitambue chupa kwa kupapasa. Wenzake walibabaika. Yeye alizitaja zote tatu, akaanza kuwatania.

"Nyie watu wa barabarani! Vidole vyenu vinajua kushika chapati tu."

"Na wewe vyako vinanuka kamba," mmoja akamjibu.

"Vinanuka kamba, lakini vinaona."

Wote tukacheka. Nikampenda yule mtoto kama fundi anavyompenda atakayemwachia kazi.

Walikuwa wamepiga picha wenyewe, kamera moja, wakipokezana. Mwanaidi alikuwa amempiga mama yake, Bi Salima, alipokuja kumletea kamba waliokaushwa. "Mama hajapigwa picha tangu azaliwe," akaniambia. "Nikimpelekea atasema mjomba Fundi ni mchawi." Filamu nzima ilikuwa na picha zao, na Mwalimu alikuwa amekwisha kuwaambia wazazi kwamba zitabandikwa ukutani shuleni. Na mimi nilikuwa nimekwisha kuziona kichwani, na chini yake watu wananong'ona kwamba kazi hii ni ya Fundi Seifu.

Ikawa Jumamosi asubuhi, jua limechanua. Tukaingia watoto watatu na mimi. Watatu wengine walibaki uani na Mwalimu, wangoje zamu. Mlango nikaukomea kwa ndani. Mzee Abdi, Mungu amrehemu, alinikataza zamani: ukiwa na mtu mwingine mle ndani, komeo usilitumie, weka pazia. Mimi nililiweka kwa sababu nilihofia watoto wa nje wataufungua kwa utundu. Na pipa la maji safi lilikuwa uani, kwa kuwa ndani sikutaka maji yairukie filamu.

Saa ya mkononi yenye kung'aa gizani sikuwa nayo. Nilihesabu kwa mdomo. Dawa ya kwanza ilitaka hesabu ya mia tatu, taratibu. Siku ile nikawaambia watoto tuhesabu pamoja, wakafurahi sana. Filamu ikaingia kwenye beseni la kwanza, moja, mbili, tatu, sauti zao kama wako madrasa. Tulipofika mia na arobaini hivi nikanusa beseni la pili, nikaona harufu yake ni hafifu. Sikutia siki ya kutosha. Mikono yangu yote miwili imeshika filamu.

"Mwanaidi."

"Abee."

"Papasa rafu. Chupa ya mafundo mawili. Tia kidogo beseni la kati."

"Haya, mjomba."

Ningeweza kuiacha. Siki ile hata ikipungua filamu haifi. Lakini nilitaka itoke safi.

Nikamsikia akipapasa. Akasema, "Hii hapa, mawili." Na akafanya kama nilivyomfundisha. Alitaka uhakika. Akaileta usoni, akavuta gunzi lililokazwa, gunzi likachomoka kwa nguvu, na siki ikamrukia machoni.

Alilia mara moja tu kwa sauti kubwa. Halafu akaanza kulia kwa ndani, kama mtu aliyezuiwa pumzi.

Hapa ndipo mahali, mwanangu, ambapo nimekuwa nikipaepuka tangu nianze kuandika. Mlango ulikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Nilijua ni siki, harufu ilijaa chumba kizima. Na mimi nikasema hivi, maneno yangu ni haya haya: "Tulieni! Msiguse mlango! Filamu iko wazi. Endeleeni kuhesabu."

Wakaendelea. Watoto wana utii unaoumiza ukiukumbuka. Mia na themanini, mia na themanini na moja, sauti zinatetemeka, na chini yake yule mwenzao analia, "Mjomba, macho. Mjomba, macho." Nami naipandisha filamu na kuishusha. Nilijiambia nimalize tu, ni kidogo tu, kisha nitafungua.

Mwalimu akagonga. "Fundi, kuna nini humo?"

"Subiri kidogo, Mwalimu! Filamu!"

"Fundi, fungua!"

"Kidogo tu!"

Sikudhani yule mwanamke mwembamba ana nguvu ile. Aliupiga mlango kwa bega, komeo likang'oka pamoja na udongo wake, jua likaingia lote. Nilichokiona kwanza, Mungu anisamehe, ni filamu mikononi mwangu. Niliitazama filamu kabla ya kumtazama mtoto.

Mwalimu alimnyanyua akamkimbiza kwenye pipa. Akamlaza chini, akamfungua macho kwa vidole, akamwagia kata juu ya kata, watoto wanachota, hakuacha mpaka pipa likabaki tope la chini. Kisha akamwita mwenye gari la kubeba nazi, wakampeleka zahanati, na kutoka pale akapelekwa hospitali Dar es Salaam. Jicho la kushoto lilipona. La kulia liligeuka jeupe, likabaki hivyo.

Daktari alimwambia Mwalimu kwamba kwa kitu kama kile kila pumzi moja ina hesabu yake, na maji ya mapema ndiyo yaliyoliokoa lile lililookoka. Mwalimu akanifikishia maneno hayo akiwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Baada ya siku chache Bi Salima akafika. Alikuwa ametoka Kiongoroni kwa mashua, kisha gari, kisha miguu, nguo zimekauka chumvi pindoni. Akabisha hodi vizuri, nikamkaribisha, akakaa kwenye lile benchi la wateja, mbele ya maporomoko yangu ya maji. Nilianza, "Mama, mimi..." akainua mkono kunikatiza.

"Fundi, ile picha ilitoka?"

"Haikutoka, mama. Mlango ulipofunguka iliungua yote."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea bei ya kitu.

"Basi hata hiyo hakuna," akasema.

Akafunga kanga yake, akaondoka. Maneno hayo mawili matatu ndiyo karipio kubwa nililowahi kupewa, na nimepewa mengi.

Mwanaidi hakurudi shule. Wenzake walimwogopa, au yeye aliwaogopa wenzake, sijui. Mimi nikafunga studio kwa muda, nikajiunga na darasa la watu wazima, nakaa benchi moja na bibi vizee. Wao walitaka kuandika majina yao. Mimi neno la kwanza nililomwomba mwalimu anionyeshe ni siki. Nikaliandika kwenye kipande cha karatasi, herufi nne tu. Chupa yenyewe nilikuwa nimekwisha kuifukia. Nikabaki na karatasi mkononi sina pa kuibandika.

Miaka ikapita mingi. Siku moja niko Nyamwage nangoja gari, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na beseni la machungwa akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mjomba Fundi."

"Marahaba, mama." Kisha nikaliona lile jicho. Nikakaa kwenye gunia la mkaa la watu.

Akanimenyea chungwa. Hakutaka kunichukulia senti. Tukazungumza habari za nyumbani, mama yake alikuwa amekwisha kufariki, na picha hakuwahi kupigwa mpaka anaingia kaburini. Hilo alilisema kama anavyosema habari ya mvua. Kisha akachezea kisu chake, akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka yote.

"Mjomba, siku ile mlifika ngapi?"

Sikumwuliza siku gani. "Mia mbili na kumi na mbili," nikamwambia.

"Na nilipolia mlikuwa ngapi?"

"Mia na sabini na tisa."

Akahesabu moyoni, nikaona midomo ikicheza. "Thelathini na tatu," akasema. "Mimi nilidhani ni elfu."

Gari likaja. Nikapanda na chungwa mkononi sijalila.

Sasa, mwanangu, nakueleza, na usione haya kwamba anayekueleza ni mtu wa darasa la pili. Wafundishe hao watoto. Sikukatazi. Mtoto akiona uso unajitokeza kwenye kitu kilichokuwa kitupu, anapata furaha ambayo hakuna mahali pengine ataipata. Lakini anza nao uani, mchana, kwa filamu mbovu na maji ya kunywa, mpaka mikono yao ijue kazi kabla dawa haijafunguliwa. Tafuta kopo la mfuniko, na ule mfuko mweusi wa kuingizia filamu, ili mtoto asiwe na haja ya kukaa gizani na dawa. Mabeseni yangu watayatumia kuoshea tu. Dawa zichanganye mwenyewe, nyumbani kwako, kabla hawajafika, na siki ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe maji yasimiminwe kwenye siki. Ile kali isiyochanganywa mtoto asiione hata chupa yake. Usitie dawa yoyote kwenye chupa ambayo mtu amewahi kunywea kitu. Andika majina kwa herufi kubwa, na ukitaka funga na mafundo, ila mtoto yeyote asiwahi kufundishwa kunusa. Wavae miwani na mipira ya mikono, hata kama watachekana. Maji safi yawe karibu kiasi cha kunyoosha mkono, ndoo na kata yake, na kitu kikimwingia mtoto machoni mwagia mfululizo muda mrefu, muda wa kuchemsha chai na kuinywa, ndipo mkimbilie hospitali.

Na mlango usiwe na komeo.

Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya lolote, chukua filamu nzima, mpya, uitoe kwenye kopo lake mbele yao ndani ya chumba chako cha giza, kisha mwambie mtoto mmoja aufungue mlango. Iungue. Wakutazame usoni, waone hukukasirika. Waambie kila mtoto ana ruhusa ya kufungua mlango huu saa yoyote, kwa sababu yoyote, na hataulizwa. Mtoto hawezi kuamini jambo hilo kwa kuambiwa tu. Wale wangu walinitii mimi wakamwacha mwenzao analia, na wao hawakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu mimi niliyewafanya wadhani filamu ni kitu kikubwa.

Pamoja na mabeseni nakupelekea bahasha. Ndani yake kuna ukanda wa filamu. Utaunyanyua kwenye jua na hutaona kitu, ni mweusi mwanzo mpaka mwisho. Humo ndani wamo watoto sita wanacheka, na yumo Bi Salima amesimama na kamba wake wakavu. Ubandike juu ya mlango wako. Watoto wakikuuliza ni picha ya nani, waambie.

Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usioshikilia vitu. Akulindie macho yako na macho ya wote uliokabidhiwa, kila mtoto arudi kwao jioni kama alivyotoka asubuhi. Na siku ukisikia kilio, akutie haraka niliyoikosa mimi. Amina, mwanangu. Mabeseni njoo uyachukue Ijumaa, nimekwisha kuyaosha.